Mbwa Wawili na Mluzi wa Mzee Shigela

Kisesa. Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamua. Kuanzia leo mimi, Muganyizi, ni mwindaji. Jana baada ya misa Mzee Shigela alisema mbele za watu kwamba hawezi kumwoza binti yake Paskazia kwa Mhaya wa migomba asiyewahi kukimbiza chochote chenye miguu. Elias akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo Elias ndiye anayechunga ng'ombe wa mzee, na yeye pia anamtaka Paskazia. Sawa. Ijumaa ni Nane Nane, mzee anaalika watu kwake. Nitaingia na sungura mkononi. Tena mnene! Nimeazima mbwa kwa jirani yangu Malimi: Popi na Mtajiju. Mluzi wa kuwaitia ninao, nimeuiba kwa masikio kutoka kwa mzee mwenyewe. Huupiga kila jioni nyuma ya nyumba. Mluzi wa kiume hasa.

Jumanne, 5 Agosti
Sungura nimemwona. Mgongo tu. Mbwa walimfukuza hadi katikati ya ng'ombe wa mzee, na hapo alikuwepo mmoja mwenye ndama mchanga. Kumbe ng'ombe mwenye ndama hapatani na mbwa kabisa. Akainamisha pembe. Mtajiju, mbwa asiye na aibu, akakimbilia wapi? Nyuma yangu! Ng'ombe naye akaja. Nikapanda kichuguu. Nikapiga mluzi Popi aje aniokoe. Wakaja ng'ombe wengine. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Wakaja wote. Nimeshuka jioni, Elias alipowaondoa. Alinigeuzia kisogo, mabega yakitikisika.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimegundua shida: nanukia sabuni. Nikajipaka kinyesi kibichi cha ng'ombe, wanione ndugu. Mbwa wenyewe wakanikimbia. Nikapiga mluzi warudi. Loo! Vumbi likatimka, pembe tupu. Nikajitosa lamboni, maji hadi kidevuni, wao wamesimama ukingoni wananitazama. Paskazia alikuwa anafua ng'ambo ya pili. Akauliza mluzi ule nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa baba yake. Akaziba mdomo kwa khanga, machozi yakamtoka. Ananihurumia, jamani. Nampenda mpaka chakula hakipiti. Nikikosa sungura kesho, nimemkosa na yeye.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane
Sungura hakuna. Narudi mikono mitupu, karibu kulia, naona nini? Ng'ombe wa mzee wamejaa barabara kuu ya Musoma, malori yanapiga honi. Elias kawaacha, kaenda kunyolewa apendeze mbele ya wageni! Mzee anahangaika na fimbo yake, mafua yamembana wiki nzima, akijaribu kupiga mluzi unatoka upepo. Popi, mpumbavu, akambwekea yule mwenye ndama. Ng'ombe akaniona mimi. Nikatoka mbio kuelekea nyumbani kwa mzee, namfokea Popi, nampigia mluzi njia nzima aache kubweka. Kila nikigeuka, kundi lote liko nyuma yangu. Zizini niliingia wa kwanza. Nikaruka ua upande wa pili, nikaangukia miguuni pa wageni.

Mzee akaja taratibu, akafunga lango, akazunguka ua hadi nilipoangukia. Nikamwamkia nikiwa bado chini.

"Marahaba," akasema. "Kukimbia hujui. Lakini ng'ombe wangu wanakufuata. Waite wazee wako waje tuongee."

Elias alifika baadaye, kanyolewa vizuri sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Furaha! Wazee wangu wanakuja kutoka Bukoba wiki ijayo. Paskazia amenieleza kwamba ule ni mluzi wa kuita ng'ombe waje kulamba chumvi. Maskini, wiki nzima walikuwa wanadai chumvi yao. Akaniomba niachane na uwindaji, maana posa imeshakubaliwa. Nimemwapia kwamba mluzi ule sitaupiga tena. Mtu mzima hurekebishwa mara moja tu.

Lakini wazee wangu watakula nini? Sungura lazima. Bahati nzuri leo nimenasa mluzi mwingine kwa Malimi, alikuwa anaupiga langoni kwenye zizi la madume yake ya ng'ombe. Mtamu kuliko ule wa kwanza. Kesho alfajiri naujaribu.