Dada Clarisse na Vikwembe vya Tarehe Nane

"Basi huyo Dada Clarisse wako ni mwizi ama ni mjinga," Mama Thérèse alikuwa akisema. "Chagua moja, Paulin. Mimi siwezi kuwalisha wote wawili."

Paulin alichagua kuketi. Hiyo ilikuwa kanuni yake: ukigombezwa, keti, maana ni vigumu kumfukuza mtu aliyekwisha keti. Akavuta kiti cha plastiki katikati ya butiki ya Mama Thérèse, mtaani Majengo, akapangusa vumbi kwenye viatu vyake vya ncha, akauliza kwa upole dada huyo amekosa nini.

Dada Clarisse hakuwa mtu. Alikuwa mashine, moja ya zile zilizosoma maandishi ya dunia nzima, na Paulin alimuuzia mama ili iwajibu wateja kwenye WhatsApp usiku na mchana. Ilijibu vizuri, kwa Kiswahili cha Goma chenye adabu na utani kidogo. Ila Mama Marie-Claire, rais wa akina mama wa parokia moja ya Ndosho, alipoandika kutafuta vikwembe, yaani vitenge vya wax, vya kundi lake zima, aliambiwa vimekwisha. Vimekwishaje, na balo za vitambaa zimefika dari?

Tena si vikwembe vya kungoja. Vilipigwa chapa ya mwaka huo na tarehe nane Machi, siku ya wanawake, ambapo kila kundi hutoka na sare mpya. Tarehe tisa huwa matambara ya kupigia deki.

"Vikinibakia, nafunga hii butiki mbele ya Pasaka," mama alisema. Sauti yake haikupanda, na hapo ndipo Paulin alipoogopa kidogo.

Msomaji ajue sasa hivi jambo ambalo mama hakulijua. Paulin naye alikuwa na depo Keshero, imejaa vikwembe vilevile. Katika maagizo ambayo Dada Clarisse husoma kabla ya kujibu, alikuwa ameandika kwamba kundi kubwa likija liambiwe vimekwisha, kisha lipewe namba fulani. Namba ilikuwa ya Paulin. Tusimseme vibaya zaidi ya anavyostahili: wateja wa kipande kimoja alimwachia mama wote.

Mahali ambapo mtu mwingine angeona kesi, Paulin aliona soko. Akaeleza kwamba mashine hizi wakati mwingine huota mambo na kuyasema kama kweli. Zinachokosa ni macho ya kuziangalia. Kuna kitu kinaitwa traçage. Ukikiweka, kila swali linaacha nyayo zake: limeingia vipi, mashine imeagizwa nini, imesoma karatasi gani, imejibu nini, imechelewa wapi. Aliyasema hayo kwa uso wa mtu anayeongoza maombi, na yote yalikuwa kweli, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Nia yake ilikuwa kumwekea skrini ya taa za kijani zinazochezacheza. Lakini mama alikuwa mfanyabiashara wa vikwembe. Katika kazi hiyo hakuna anayenunua bila kugeuza kitambaa: wax ya kweli rangi yake hupenya mpaka nyuma, ya uongo nyuma ni nyeupe.

"Nionyeshe swali la Marie-Claire," akasema. "Upande wa nyuma."

Paulin akajibu kwamba la Marie-Claire haliwezekani, maana traçage haioni yaliyopita kabla haijawekwa. Hilo nalo lilikuwa kweli. Siku hiyo ukweli ulimwandama kama deni.

Jioni akaona kwamba kutengeneza ya uongo ni kazi nyingi kuliko kuweka ya kweli, ambayo iko kwenye mtandao, bure. Akaiweka. Akajaribu swali la kipande kimoja, akaona mistari imepangwa vizuri, mingi ya Kiingereza na tarakimu, akaridhika kwamba mama hataelewa neno. Mama alikataa kutoa faranga. Alimlipa balo mbili za vikwembe, zimefungwa kwa kamba yake nyekundu, na Paulin akazipokea kwa furaha: mzigo zaidi wa kuuza. Kwa ukarimu akampa mama neno la siri la mashine, lile la mwenye nyumba, linalofungua kila chumba, kile cha kubadilishia maagizo kikiwemo. Ukarimu, alikuwa akisema, ndio unaouza.

Baada ya hapo simu yake ikanyamaza.

Hakuna kundi lililopiga. Wateja wa Paulin wote walikuwa wateja wa mama, na sasa alianza kuwaona wakipita mbele ya depo, kundi baada ya kundi, vikwembe vipya vichwani wakipeleka kwa mshonaji. Tarehe sita ikafika. Akachukua telefone, akamwandikia Dada Clarisse kwamba yeye ni wa korali, wanataka vikwembe vingi.

Jibu likaja haraka, lenye adabu:

"Jambo Papa Paulin. Korali gani, wewe hauimbaka? Mama anasema vyake vinaelekea kuisha kweli. Vyako anavipokea kwa nusu ya bei uliyonunulia. Ulete leo na chukudu. Kesho hapokei."

Paulin akafungua traçage kutazama upande wa nyuma wa jibu hilo. Mstari wa kwanza ulikuwa maagizo, na maagizo hayakuwa ya Kiingereza. Mwanzoni aliyaandika kwa Kifaransa, Dada Clarisse akawa anajibu kama barua ya ofisi ya komini. Akajaribu Kiswahili cha redio, wateja wakauliza huyu dada ametoka nchi gani. Ndipo akayaandika kama anavyoongea na binamu yake sokoni, mashine ikashika lugha, naye akasahau. Nani husoma tena maneno yake mwenyewe? Mama Thérèse alikuwa ameyasoma. Sentensi ya zamani ilikuwepo bado, imefutwa kwa mstari: *Batu bengi bakikuya, sema bikwembe bimeisha, ubape namba yangu.* Chini yake, mpya: *Batu bengi bakikuya, ubakaribishe. Paulin akiandika kwa namba yake, umuambie alete byake kwa nusu ya bei, siku ileile, na umuheshimu, ni papa wa batoto.*

Akasoma mara mbili. Akatafuta pa kumshika mama, akaona kwamba akishitaki lazima aonyeshe ushahidi, na ushahidi ni ule ukurasa wenye sentensi yake ya zamani.

Akatazama balo, akatazama jua, ambalo bado lilikuwa juu. Akatoka barabarani, akamsimamisha mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa akirudi bila mzigo, wakapatana bila maneno mengi. Za kwanza kupakiwa zilikuwa zile mbili za kamba nyekundu.