Vibao Vitatu, Baraza Moja

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Mwezi wa pili tangu kiwanda cha nguo kinipunguze kazini. Kimepunguza watu mia tatu. Akili yangu haikupungua.

Asubuhi kapita jirani yangu Kasiani na mkoba wake wa ngozi. Ana asasi ya kupanda miti kule Kibamba. Miti sijaiona. Gari la wafadhili nimeliona mara nne. Kasema, bila kuulizwa, kwamba miti imepoa. Siku hizi wafadhili wanataka biashara huria na utandawazi. Nikamjibu kwamba mambo hayo nayajua zamani. Utandawazi! Sijui ni kitu gani. Ila wanasema ndicho kilichofunga kiwanda, kwa hiyo tumeshakutana.

Wafadhili wanaoshughulikia jambo hilo ni watatu. Mmoja yuko Upanga, mmoja Oysterbay, mmoja Mikocheni. Mtu wa kawaida angeandika barua moja.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeanzisha asasi tatu kabla ya chai ya saa nne.

Ya kwanza inatetea mafundi cherehani. Inataka mitumba ipigwe marufuku. Ya pili inatetea wauza mitumba. Inataka mlango wa bandari uachwe wazi. Ya tatu ni kituo cha utafiti. Kitachunguza ugomvi wa hizo mbili. Kila mfadhili na asasi yake. Nani atajua?

Wanachama si tatizo. Mimi ndiye katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu hapa Tandika, na daftari ninalo chini ya godoro. Majina sitini na tatu, yenye sahihi na dole gumba. Nimeyanakili mara tatu kwa mpangilio uleule, maana mkono ulishazoea.

Mweka hazina ndiye kanisumbua. Nani ataaminika na kila mtu? Nikamkumbuka Bi. Mwanabaraka, Mungu amrehemu. Miaka ishirini alishika michango ya mtaa, hakupoteza hata senti. Tulimzika mwaka juzi. Nimemweka kwenye asasi zote tatu. Marehemu hali pesa.

Anwani nimetumia sanduku la posta la Kasiani. Nimemwambia nasubiri barua ya shemeji.

Jumamosi, 6 Septemba

Kumbe mke wangu Hamisa naye kapeleka ombi Upanga! Kaliandika kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa daftari la binti yetu Najat. Yeye na mafundi wenzake kumi wanaomba chumba cha kushonea kwa mwaka mmoja, na nauli ya kwenda kukaa na mafundi wa Morogoro na Mwanza, wapeleke sauti moja serikalini kuhusu ushuru wa mitumba. Basi. Hakuna dira, hakuna kaulimbiu, hakuna muhuri. Nikamwambia kwa upole kwamba karatasi ile itafungiwa maandazi.

Kanijibu, Baba Najat, mwezi wa tatu huu sijashona gauni jipya. Kazi yake sasa ni kupunguza viuno vya suruali za mitumba, hizi za kafa-ulaya. Wakikosa msaada, mwisho wa mwezi anauza cherehani aliyoachiwa na mama yake. Kasema hayo huku anatunga uzi kwenye sindano, hakuniangalia.

Imeniuma. Ila asasi zangu zikipata, nitamnunulia cherehani mbili. Sikumwambia. Nataka ashtuke.

Alhamisi, 18 Septemba

Kasiani kaleta barua tatu. Kasema shemeji yangu ana ofisi nyingi. Hana adabu.

Wafadhili wote watatu wanakuja kunitembelea! Jumatano ijayo, saa nne asubuhi. Wote, saa nne. Nuksi tupu. Wiki ina siku saba, wao wameona moja.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimezunguka ofisi zote tatu kuomba saa zibadilishwe. Nyingine nimeifikia kwa miguu. Wa Upanga atabaki saa nne, wa Oysterbay saa sita, wa Mikocheni saa nane. Wamekubali bila ubishi. Ofisa miradi wa Upanga, dada mtaratibu anayeitwa Anastasia, kaniuliza kama nina uhakika sihitaji muda zaidi. Nikamwambia asasi yetu inaheshimu saa. Kaandika.

Jioni nimepaka rangi vibao vitatu. Hamisa kauliza ni vya nini. Nikasema ni mapambo.

Jumatano, 24 Septemba

Siku yenyewe.

Saa tatu nimekusanya mtaa barazani kwangu. Nimewaambia ni mkutano wa kufa na kuzikana. Wamekuja wamejitanda kanga, wanaulizana nani kafa.

Saa nne gari moja likaingia. Wakashuka watatu: Anastasia, mzungu mrefu wa Oysterbay, na Bwana Sadallah wa Mikocheni. Nikadhani wamepeana lifti. Nikahutubia juu ya mateso ya mafundi, nikalaani mitumba, nikawashukuru, nikawaonyesha njia ya kurudi garini. Hawakuinuka. Anastasia kasema wana miadi mingine miwili palepale, saa sita na saa nane. Watasubiri. Akaomba maji ya kunywa.

Ningefanya nini? Saa sita nikateremsha kibao, nikapandisha cha pili, nikavaa kofia. Nikawakaribisha upya. Nikasema mitumba ndiyo ukombozi wa mnyonge. Mzungu akaandika kurasa mbili. Saa nane nikapandisha kibao cha tatu, nikavaa miwani ya Hamisa ya kushonea, kwa ajili ya utafiti. Sikuona kitu. Nilisikia tu mtu anacheka ukutani kwa Kasiani.

Ndipo Anastasia akaomba asalimiane na mweka hazina, Bi. Mwanabaraka, maana kamsoma katika maombi yote matatu. Nikasema kasafiri.

Bi. Farida, mkubwa kuliko wote mtaani, akashika shavu. "Mwanangu, safari gani tena? Mwanabaraka si tumemzika sie wenyewe?"

Akaanza kumwombea dua. Mtaa ukaitikia amina. Bwana Sadallah akainua mikono, na yule mzungu akamwiga.

Dua ilipokwisha Anastasia akaeleza, wala hakupandisha sauti. Kila Jumatano ya pili ya mwezi hao watatu hukutana. Maombi yote yanayohusu biashara huria huyasoma kwenye meza moja, fedha huzitia kapu moja, na anayekwenda kukagua hukagua kwa niaba ya wenzake. Kasema soko la dunia linamfikia fundi wa Temeke na wa Mwanza kwa siku moja, kwa hiyo kila mfadhili akisaidia kivyake, mwenye shida anachoka kujaza fomu na mjanja ananenepa. Alipotaja mjanja aliniangalia mimi, na mimi nimekonda.

Kumbe wanaongea! Miaka yote nikijua wanashindana kama wauza nyanya wa Mabibo. Huku ni kuvizia watu.

Kisha akatoa karatasi ya nne. Ya daftari la Najat. Majina kumi na moja ya mafundi yalikuwa mle, na yalikuwa katika orodha zangu zote, maana nao ni wanachama wa kufa na kuzikana. Kwa karatasi zangu, mafundi hao wanapinga mitumba, wanaitetea, tena wanajichunguza wenyewe. Akasema mezani wapo waliotaka maombi yote manne yatupwe pamoja. Wamekuja ili waone kwanza.

Nikamtazama Hamisa. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Akawaambia wageni kwamba ile yenye mwandiko mbaya ndiyo yao, nyingine ndiyo kwanza anazisikia, wamfuate wakaone.

Akawapeleka kwenye cherehani. Akawaonyesha kiroba cha suruali za watu, na gauni moja jipya alilolishona Juni na linaloning'inia mpaka leo. Mafundi wenzake wakaingia, kila mmoja akasema lake. Wageni walikaa nao mpaka adhana ya alasiri. Mimi nilibaki nje na vibao vyangu. Niliona haya, nasema kweli tupu. Kama dakika ishirini.

Ijumaa, 26 Septemba

Anastasia kaleta jibu mwenyewe. Mafundi wamepata! Chumba mwaka mzima, na safari ya Morogoro mwezi ujao. Cherehani ya mama mkwe haiuzwi. Hamisa kalia, kisha kacheka, kisha kalia tena. Na mimi yalinilenga machozi. Nimemwambia sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kuna sharti moja. Mumewe asiandike, asitie sahihi wala asibebe karatasi yoyote ya kikundi. Sharti limepigiwa mstari mara tatu, kila mfadhili kwa kalamu yake. Umoja wao umezidi.

Mtaa nao umeninyang'anya daftari la kufa na kuzikana. Hamisa kanipa kazi chumbani kwao: kupepea mkaa wa pasi.

Jumapili, 28 Septemba

Nimepepea mkaa siku nzima na nimetafakari. Nimeliona kosa langu. Niliwaendea kama waombaji wanavyowaendea. Wafadhili watatu, meza moja, kapu moja, na hawana katibu! Nani anaandika kumbukumbu za mikutano yao? Nani anatunza daftari?

Nimewaandikia barua, kila mmoja ya kwake, ya Upanga, ya Oysterbay na ya Mikocheni. Najitolea kuwa katibu wa umoja wao, na nina uzoefu. Juu ya kila barua nimeandika SIRI, na chini nimeomba wale wenzake wawili wasiambiwe.

Wataniuliza mweka hazina. Nimempendekeza yuleyule. Wamemwombea dua wenyewe, hawawezi kusema hawamjui.

Kesho nitamwomba Kasiani ufunguo wa sanduku la posta. Nitamwambia ni yule shemeji.