Udongo wa Shemeji

Mfereji uliopita nyuma ya karakana ya kutia vitambaa rangi ulikuwa haueleweki: leo bluu, kesho zambarau, na bata wa jirani walitoka humo wamevaa sare. Wapita njia waliziba pua na kulaani. Kinanda alisimama, akatabasamu. Mlangoni pa karakana palikuwa pamebandikwa tangazo jipya la bwana afya: marufuku kumwaga hata ndoo moja ya maji ya rangi mpaka yawe meupe, na atakayekaidi atafungiwa.

Kinanda ni jina alilopewa na mtaa, kwa kuwa mdomo wake ukiguswa popote hutoa wimbo. Polisi hakuwaogopa, mbwa pia hakuwaogopa. Alichoogopa duniani ni kazi. Na wiki ile mkewe alikuwa ametoa amri: mwezi ukiisha bila yeye kuleta kitu nyumbani, atakwenda kuchimba udongo kwenye tanuri la matofali la kaka yake. Shemeji alishakubali, tena kwa furaha isiyo ya kawaida. Kwa hiyo tusimhukumu Kinanda haraka. Alikuwa mtu anayepigania uhai wake.

Alikwenda hukohuko tanurini, akachota ndoo ya ule udongo mweupe unaonata kwenye viatu.

"Wa nini, shemeji?" shemeji aliuliza. "Ndiyo unaanza kazi?"

"Nafanya utafiti."

"Haya. Mungu atusaidie."

Nyumbani aliukaanga, akautwanga, akauchekecha kwa kichujio cha chai.

"Na chai nitachuja na nini?" mkewe alifoka. "Soksi yako?"

"Mke wangu, sayansi ina gharama zake."

Akaazima koti jeupe kwa muuza nyama, akaligeuza upande usio na damu, akaenda karakana.

Bosi wa karakana alikuwa bahili wa kuheshimika. Inasemekana mgeni akipiga chafya ofisini kwake, yeye huzima taa, kwani mtu aliyefumba macho hana haja ya umeme. Alimtazama Kinanda kuanzia koti hadi kandambili.

"Mheshimiwa," Kinanda alianza, "maji yako si machafu. Yana huzuni."

"Yana nini?"

"Rangi iliyomo ndani haina pa kukaa. Inazurura. Mimi nimeileta nyumba." Akainua kopo la unga. "Madini ya asili haya, hayana kemikali. Chembe moja ina vyumba vingi kuliko hoteli. Rangi inaingia, inajifungia, inazama chini na kulala."

Maneno hayo aliyasikia kwa mtaalamu mmoja redioni kabla betri hazijaisha, na hakuamini hata moja. Imani yake aliiweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, aliyoitia mapema ndani ya glasi. Akatia maji ya bluu, akatia kijiko cha unga, akakoroga huku akinong'ona kama anayeswali. Bluu ikafifia, ikapotea.

Bosi aliigeuzageuza glasi. "Gunia unauza kiasi gani?"

"Mtu mkubwa kama wewe hanunui gunia, mheshimiwa. Ananunua siri yenyewe, ajichotee mwenyewe mpaka achoke."

"Siri nitanunua. Ila fedha taslimu sina. Nina vitambaa."

Akamfungulia stoo. Majora yalikuwa yamepangwa hadi darini, mekundu, ya kijani, ya zambarau, yanang'aa hadi macho yanauma. Kinanda akasugua jora moja kwa vidole viwili kama alivyowahi kuona mafundi cherehani wakifanya, akaguna kitaalamu. Kuhusu vitambaa alijua jambo moja tu, kwamba vinasitiri mwili.

"Yachukue leo hii," Bosi alisema. "Yote. Ila usiyafue, yatapoteza mng'ao."

"Unanifundisha vitambaa mimi?"

Kinanda akamwelekeza liliko shimo la udongo. Wakapeana mikono kwa furaha ya watu wawili ambao kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Kabla ya adhuhuri majora yalikuwa juu ya lori na Kinanda amekaa juu ya majora, akielekea mji wa mbali ambako hakukuwa na tanuri wala shemeji. Alimkumbuka mkewe njiani na roho ikamuuma kweli. Kisha akakumbuka kuchimba, ikapoa.

Mji ule ulimpokea vizuri. Kwaya moja ya akina mama ilikuwa ikitafuta sare, ikanunua mzigo mzima baada ya kuambiwa kwamba rangi ile huvaliwa na wake za mabalozi. Siku ya onyesho jua likawaka. Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Katika wa pili jasho likaanza kutoka, na sauti ya tatu yote ikawa ya kijani hadi viwiko. Mwenyekiti aliyeongoza mstari wa mbele alishuka jukwaani na shingo ya zambarau, akanyakua mwiko jikoni, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya wageni alikopanga Kinanda, kwaya ikiwa nyuma yake.

"Wewe! Itazame shingo yangu!"

"Mama yangu, ni rangi imekupenda."

"Na mwiko huu utakupenda zaidi!"

Walichukua fedha zao, wakachukua sanduku lake, wakachukua na viatu kwa ajili ya usumbufu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kinanda alirudi kwao amepanda gari la kubeba mbuzi, akitetemeka kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa haki yake.

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia!" alimfokea Bosi kabla hata ya salamu.

Bosi hakuona haya. "Kitambaa kikitoka kwenye rangi husuuzwa mpaka maji yake yatoke meupe. Sasa bwana afya amenikataza kumwaga maji. Ningesuuzia wapi, mdomoni? Majora yale hayakuonja hata kikombe. Nilikuwa natafuta pa kuyatupa, ukaja wewe na koti la muuza nyama."

"Ulijua?"

"Lilikuwa linanuka maini."

Kinanda akavuta pumzi, akajaribu kuokoa heshima. "Basi ngoma droo. Mimi nami nilikuuzia tope."

Bosi akamshika mkono, akampeleka uani kwenye mapipa. Maji yalikuwa meupe, mtu aliona hadi chini kabisa, na hapo ulilala udongo wa bluu iliyokolea. Kinanda akainama kunusa. Hapakuwa na harufu ya dawa yoyote.

"Nilijaribu kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza," Bosi alisema. "Bwana afya mwenyewe amekuja, akabandua tangazo lake akaondoka. Ndugu yangu, umesema kweli mara moja tu maishani, na hukuwa na habari."

Kinanda alikaa juu ya ndoo. Alitaka kulia. Alikuwa ameshika mali halisi kwa mikono yake miwili, akaitupa kama uongo na kuikimbia.

"Udongo unachota wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Palepale. Ila siku hizi ni kwa foleni, karakana zote za mji ziko pale. Na msimamizi wake ni mama mmoja mkali, hacheki na mtu."

Kule tanurini kwa shemeji Kinanda alimkuta mkewe amekaa juu ya magunia, mikokoteni imejipanga mbele yake, shemeji akipakia. Mke akamtazama mumewe, kisha miguu yake mitupu, na macho yakamlowa kidogo kabla hajayakaza.

"Karibu, mtafiti."

"Mke wangu, uvumbuzi huu ni wangu."

"Wako kabisa. Shimo ni la kaka, wateja ni wangu. Wewe una nini?"

"Nina mdomo. Kila biashara inahitaji msemaji."

"Udongo huu haujasema neno tangu uumbwe," mkewe alijibu, "na ndio unaotulisha. Hebu jaribu na wewe."

Kinanda alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akakunja suruali, akateremka shimoni.