Nani Atangulie Kwenye Marejeo

Jumatatu, 3 Novemba

Furaha! Furaha tupu! Dkt. Olanya, msimamizi wangu, amesema tasnifu yangu imekwisha. Imebaki kupanga marejeo tu. Marejeo! Kurasa za nyuma ambazo hakuna binadamu anayezisoma. Nimetoka ofisini kwake napiga mluzi.

Nayo hii ndiyo wiki yenyewe. Asubuhi Hajati Maimunah, mkuu wetu wa shule hapa Mengo, ametangaza mbele ya walimu wote kwamba kiti cha naibu mkuu ni cha atakayetangulia kufaulu shahada ya uzamili, kati yangu na Kidega. Kidega anafundisha hesabu, anasoma chuo hichohicho changu, na tayari anatembea kama mtu mwenye ofisi. Kiti ni changu! Nimekitamani tangu nilipoajiriwa. Ofisi ile ina feni.

Manung'uniko ya Dkt. Olanya ni madogo. Jina la kitabu liandikwe kwa herufi za mlazo. Jina la makala lisilazwe, lakini la jarida lilazwe, kisha zifuate juzuu, toleo na kurasa. Mimi nilikuwa nimelaza kila kitu, mpaka miaka. Tena ameniamuru niondoe "Hajji", "Mheshimiwa" na "Marehemu" kwenye majina ya waandishi. Nimeshtuka. Wazee wasomi, wengine wako kaburini, niwaite jina moja na herufi moja kama watu niliokutana nao stendi? Akasema ndivyo utaratibu ulivyo. Utaratibu hauna adabu! Lakini nimetii.

Jumanne, 4 Novemba

Nimelaza vitabu, nimesimamisha makala. Mkono unauma. Kidega kapita mezani kwangu kwenye chumba cha walimu, akasema kompyuta yake inapanga marejeo yenyewe, yeye anabonyeza tu. Nikamwambia mimi napanga kwa mkono kwa ajili ya heshima. Akacheka. Acheke!

Mchana bahati imeniangukia. Nilimpelekea Phelister, sekretari wa idara, chapati mbili na chai ya maziwa. Kabla hajaigusa chapati ya pili alikuwa ameshanitajia mtahini wa nje. Ni Dkt. Acen, anayekaa Lubaga. Akaninong'oneza na tabia yake. Mama huyo hafungui tasnifu mbele. Anaifungua nyuma, kwenye marejeo, anaangalia kama naye yumo. Akijikuta, anatabasamu, na mtu wake huyo amepita. Asipojikuta, anavua miwani na kuomba maji ya kunywa.

Banange! Miaka miwili nahangaika na nadharia, kumbe siri iko ukurasa wa mwisho!

Jumatano, 5 Novemba

Nimempata! Nimekohoa vumbi la rafu ya majarida mpaka mkutubi akanisogelea na maji, lakini nimempata. Makala juu ya uji wa asubuhi na mahudhurio ya wanafunzi. Tasnifu yangu mimi inahusu kwa nini wanafunzi wa Mengo wanachelewa shuleni. Mungu anipe nini tena?

Nimeinukuu sura ya kwanza. Halafu nikajiuliza, kwa nini mara moja? Nikainukuu kila sura. Nikainukuu kwenye shukrani. Nimeinukuu hata chini ya picha ya geti la shule, ingawa makala yenyewe haina geti. Msomaji akifungua popote, anakutana na uji.

Jioni, nikiwa nanakili majina ya waandishi, nikaona balaa. Waandishi ni wawili. Acen, kisha Apiyo. Acen kwanza! Lo! Mimi ni Mnubi, lakini nimezaliwa kambi ya polisi, Ntinda, mlango kwa mlango na Waacholi. Mtoto yeyote wa kambi anajua. Mapacha wa kike wakizaliwa, anayetangulia ni Apiyo, anayefuata ni Acen. Jirani zetu walikuwa na Apiyo na Acen wao, na ukimpa Acen pipi kwanza, mama yao anaichukua na kuigawa upya. Na hawa wa jarida ni mapacha kweli. Nimempigia Phelister akathibitisha, na akaongeza kwamba wote wawili ni madaktari wa elimu na wanaishi nyumba moja.

Kwa hiyo wachapaji wamemkosea mtu mzima adabu, na hakuna aliyesema kitu! Nimerekebisha. Apiyo na Acen, kila mahali. Mke wangu Zuleika akanikuta katikati ya kazi. Akauliza kwa nini nabadilisha kilichochapishwa. Nikamweleza mila. Akasema nakili ulichokikuta, huenda wenyewe walikuwa na sababu. Zuleika anauza vitambaa, ni fundi wa kupima na kukata. Mambo ya marejeo aniachie mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

Kumbe Phelister anakula pande zote! Kidega naye kampelekea sambusa, naye amemwingiza Dkt. Acen kwenye marejeo. Nilipandwa na hasira mpaka nilipochungulia karatasi zake. Ameandika Acen kwanza! Mwacholi mzima, mtoto wa Gulu, hajui mapacha! Nimecheka ndani kwa ndani hadi kengele ikanipita.

Nilimwuliza tu, kwa upole, kama nyumbani kwao hawafundishwi. Akajibu kwamba waandishi unawapanga kama walivyojipanga wenyewe kwenye jarida, na mila haiingii hapo. Kompyuta imemharibu huyu.

Nimeongeza tanbihi ili mama aone kazi yangu: "Mtafiti amerekebisha mpangilio wa waandishi kwa kuheshimu mila ya mapacha." Nimeisoma kwa sauti mara nyingi. Ni nzuri sana, wallahi!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekabidhi! Jalada la buluu, herufi za dhahabu. Dkt. Olanya alikuwa na haraka, akaangalia mlazo, akaona umelala, akasaini. Utetezi ni Jumanne, mimi asubuhi, Kidega mchana. Nimepita ofisi ya naibu mkuu kuangalia feni ina mwendo wa kasi ngapi. Tatu! Zuleika ameuliza kama nimerudisha majina yale. Nikamwambia avute subira hadi Jumanne, ataitwa mke wa naibu.

Jumanne, 11 Novemba

Niandike yote kama yalivyotokea.

Dkt. Acen aliingia, mfupi, mtulivu, kitenge cha kijani. Akafungua nyuma! Moyo ukaruka kwa furaha. Kidole kikashuka kwenye marejeo, kikatafuta, kikasimama. Nikasubiri tabasamu. Akafungua ukurasa mwingine. Na mwingine. Akafika kwenye tanbihi. Akavua miwani.

Hakuomba maji. Aliuliza huyu Apiyo aliyetangulia ametoka wapi. Nikafurahi kuulizwa! Nikamweleza kwamba Apiyo ndiye anayezaliwa kwanza, na kwamba wachapaji walikosea, na kwamba mimi nimekulia kambini, najua.

Akasema anajua. Akasema amelijua hilo tangu siku aliyozaliwa. Nyumbani kwao Apiyo alioga kwanza yakabaki maji ya baridi. Apiyo alinunuliwa viatu, yeye akavirithi vimekwisha soli, na miguu yao ni sawasawa. Shuleni Apiyo aliandikishwa yeye akiwa bado kwenye foleni. Hata mchumba wake alisubirishwa mpaka Apiyo aolewe, akachoka, akaenda zake. Makala ile aliiandika yeye, neno kwa neno, na dada yake mwenyewe ndiye aliyesema, safari hii tangulia wewe. Ni mahali pekee duniani alipotangulia. Ukurasa ule uko kwenye fremu sebuleni kwake. Na mimi, mtu asiyemjua, nimemrudisha nyuma, tena kila sura, tena kwa tanbihi.

Sauti ilimkatika. Niliumia, kusema kweli niliumia sana, na nikaona lazima nimfariji. Nikamwambia kwamba wa pili naye ni mtoto kama watoto wengine.

Dkt. Olanya alijifunika uso.

Uamuzi: sijafaulu. Nirudi baada ya wiki mbili na marejeo yaliyonakiliwa kama yalivyochapishwa, bila kuongeza, bila kupunguza, bila mila. Kidega kaingia mchana, akatoka dakika chache baadaye. Phelister anasema mama alimtabasamia.

Jumatano, 12 Novemba

Kidega ni kaimu naibu mkuu. Kaimu! Hajati Maimunah amesema atamthibitisha mwisho wa muhula, isipokuwa mimi nifaulu kabla ya hapo, kwa sababu nimemzidi miaka ya kazi. Basi bado nina nafasi! Feni inazunguka juu ya kichwa cha Kidega, lakini kwa muda tu.

Zuleika hakucheka. Alinimiminia chai, akasema kazi yenyewe ni ya jioni moja. Fungua jarida, andika unachokiona, funga jarida. Akasema yule mama nimemwumiza na nimwandikie pole. Nimemwambia nitafanya vyote. Nilikuwa namaanisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Habari kubwa! Jana jioni nilimpelekea Phelister kuku mzima wa kuchoma, na habari inastahili kuku. Dkt. Acen amesema hawezi kunitahini peke yake, anaogopa kunionea. Ameomba mtahini wa pili. Idara imemteua Dkt. Apiyo! Dada mtu! Wote wawili, meza moja!

Ningeandika Acen kwanza kama nilivyoamriwa, mkubwa angejisikiaje? Usiku kucha nimegeuka kitandani, na alfajiri jibu limekuja lenyewe. Nakala mbili! Ya Acen, Acen ametangulia. Ya Apiyo, Apiyo ametangulia. Kila mmoja anafungua nyuma, anajikuta mbele, anatabasamu. Tabasamu mbili! Kidega alipata moja tu!

Zuleika ameuliza kama nimesahau kwamba wanaishi nyumba moja. Nimemwambia watu wa nyumba moja wanazungumza chakula, hawazungumzi marejeo. Akaenda dukani bila kuniaga.

Nakala zimeshachapwa, zote za buluu, haiwezekani kuzitofautisha kwa nje. Phelister anasema nao mama wenyewe ni hivyohivyo. Wanafanana mpaka askari wa getini huwachanganya, na kwenye vikao huvaa kitenge kimoja. Hilo halinitishi hata kidogo. Nitaingia, nitasalimia kwa heshima zote, kisha nitauliza kwa sauti ni nani kati yao aliye mkubwa, ili nimkabidhi yeye kwanza.