Mwombaji Namba Nne

Kuna watu wakiona tangazo la kazi husoma sifa zinazotakiwa. Wagdi alisoma mshahara. Akausoma tena, akavua miwani yake ambayo haikuwa na nguvu yoyote, akaipangusa, akaivaa, akausoma mara nyingine kwa heshima zote anazopewa mgeni rasmi.

Kampuni ya Zumurruda, iliyoko Madinat Nasr, ilikuwa inatafuta mhandisi mwandamizi wa programu za simu. Wagdi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya kibanda cha kutengeneza simu katika Barabara ya Abdelaziz, katikati ya Kairo, shati limepigwa pasi na nywele zimelala kwa mafuta.

"Programu za simu," akajisemea. "Basi nusu ya kazi ninayo. Simu ninazo."

Tusimwonee. Kilichomtuma ni mapenzi. Mzee Mutawalli wa Shubra, mstaafu wa reli, alikuwa na binti aitwaye Shahinaz, na Wagdi alimpenda mpaka hamu ya kula ikamwisha. Alikuwa amewaambia watu wa nyumba ile kuwa yeye ni mhandisi wa simu, na kwa kuwa Kairo hata anayekuja kuzibua sinki huitwa bashmuhandisi, bwana mhandisi, hakuna aliyeshtuka. Aliyetaka kuchimba zaidi alikuwa mzee.

"Uko kampuni gani, mwanangu?"

"Inategemea, ammi."

"Inategemea nini?"

"Mradi. Sisi wa ngazi za juu hatufungwi na kampuni moja."

"Na mtakaa wapi mkioana?"

"Hilo nalo linategemea."

Mzee Mutawalli alikoroga chai yake bila haraka. "Sawa. Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu uje na mkataba wa kazi wenye muhuri, tusome Fatiha, uwe mchumba wa binti yangu. Ukija mikono mitupu, Fatiha itasomwa vilevile, ila na yule mfamasia wa mtaa wa pili. Sharubati imeshaagizwa."

Shahinaz alikuwa amekaa pembeni, akiandika kwenye kompyuta yake mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa na shahada ya uhandisi, ya kweli, yenye jina lake, na tangu aipate alikuwa akituma maombi ya kazi bila kujibiwa. Wagdi alishamshauri aache kujichosha. "Mambo ya programu yanakata maini, Shahi. Niachie mimi."

Basi Wagdi akatuma wasifu wake Zumurruda, wasifu ambao ulikuwa na kweli mbili, jina na namba ya simu, akaitwa kwenye usaili.

Wa kwanza kumsaili alikuwa Bi Inshirah, meneja wa waajiriwa, mwanamke mwenye tabasamu la kudumu. "Bashmuhandisi Wagdi," akasema, "kama ungekuwa kitufe kwenye simu, ungekuwa kitufe gani?"

"Cha kurudi nyuma," Wagdi akajibu bila kufikiri. "Mimi si mtu wa kusahau nilikotoka."

Bi Inshirah akaandika, akafuta jicho.

Wa pili alikuwa Labib, mkuu wa ufundi, kijana mwenye macho mekundu ambaye hakuwa na tabasamu la kudumu wala la muda. Hapo Wagdi alianza kutokwa na kijasho chembamba, lakini mtoto wa mjini haonyeshi.

"Programu ikianza kumaliza chaji ya simu za wateja," Labib akauliza, "unaanzia wapi?"

"Inategemea." Wagdi akaegemea kiti, akafumba macho kidogo kama mtu mwenye makovu mengi ya kazi. "Nyie hapa yalipowakuta, mlianzia wapi?"

Kumbe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Labib habari hiyo, hata mkewe. Alieleza mpaka kahawa ikapoa. Alichora ubaoni, akageuza ubao, akachora upande wa pili. Wagdi alitikisa kichwa pale palipohitaji kutikiswa na kuguna pale palipohitaji mguno. Jioni Labib alipeleka ripoti yake juu, kwamba katika maisha yake hajapata kukutana na mhandisi mwenye uelewa wa kina namna ile.

Wagdi alitoka mle ameshakaa mkao wa kula. Ndipo Bi Inshirah alipompigia.

"Hongera, umefaulu. Sasa tunakutumia kazi ya nyumbani, kitu kidogo tu. Programu ya kuagiza kushari. Mteja achague dengu, tambi, vitunguu vya kukaanga, alipe, na yote yafanye kazi hata mtandao ukikatika. Una wiki moja."

"Malipo ya hiyo kazi?"

"Ni sehemu ya usaili, bashmuhandisi."

Wagdi akakaa chini. Kusema maneno hakukuwa na shida, maneno alikuwa nayo ya kuuza na ya kuazimisha. Sasa watu walikuwa wanataka kitu. Alikunywa chai moja kwa hofu, na ya pili kwa kutafakari, na kabla ya ya tatu akaiona njia, nayo ilikuwa rahisi mpaka akaona haya kwa kuchelewa kuiona. Kama Zumurruda wanaweza kumpa mtu wasiyemjua kazi ya bure wakaiita usaili, yeye nani kamkataza?

Kesho yake tangazo likaonekana mtandaoni. Kampuni ya Teknolojia ya Kesho inatafuta mhandisi mwandamizi wa programu za simu. Wagdi alitaka mambo yaende kisasa. Hakuna majina, hakuna sura, hakuna sauti. Kila mwombaji atapewa namba na mazungumzo yote yatakuwa kwa maandishi, ili pasiwepo upendeleo wala wa kubebwa na mjomba. Alijisikia vizuri sana alipoandika hilo la mjomba.

Mwombaji Namba Moja aliuliza mshahara kwanza, akaondolewa kwa kukosa moyo wa kujituma. Namba Mbili alituma cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Namba Tatu aliipokea kazi ya kushari kwa adabu kubwa, na siku iliyofuata Wagdi akakutana na tangazo la kampuni iitwayo Teknolojia ya Keshokutwa, inatafuta mhandisi, kazi ya nyumbani ni ileile ya kushari, neno kwa neno. Wagdi alikasirika kwa dhati. Alisema mji umeharibika, watu hawana hata chembe ya aibu.

Akabaki Namba Nne. Huyu aliuliza maswali.

"Mtandao ukikatika mteja akiwa katikati ya kulipa," aliandika, "oda ihifadhiwe kwenye simu au ifutwe?"

"Inategemea," Wagdi akaandika. "Wewe ungefanyaje?"

Namba Nne akaeleza angefanyaje, kisha akauliza tena. "Na wateja wakiwa wengi kwa mpigo?"

"Hilo nalo linategemea."

Namba Nne alinyamaza siku nzima. Wagdi alitembea huku na huko akiona sura ya mfamasia kila kona. Halafu jibu likaja. "Nimeelewa. Kazi yenu mtaipata."

Na kweli ilikuja. Ukigusa dengu, dengu zinamwagika kwenye bakuli. Ukigusa vitunguu, unavisikia vikikaangika. Wagdi aliubusu uso wa simu, akamwandikia Namba Nne kwamba maombi yake yamepokelewa na awe na subira.

Siku ya usaili wa mwisho ilikuwa Jumatano, kesho yake Fatiha. Pale Zumurruda palikuwa na desturi moja. Mwenye kampuni hakuajiri mtu, awe mhandisi awe mfagizi, mpaka mama yake amsomee bahati kwenye kikombe cha kahawa. Kwa hiyo kwenye chumba cha mikutano, kati ya Bi Inshirah na Labib, alikaa Mama Hikmat na birika lake la kahawa, ameuelekea mlango.

"Kunywa, mwanangu. Acha machicha."

Wagdi akanywa, akafunika kikombe kwenye kisosi, akawarushia wote programu kwenye simu zao, akaiwasha. Dengu zikamwagika. Labib akameza mate. Bi Inshirah akaomba radhi, akaulizia ni saa ngapi chakula cha mchana.

"Safi sana," Labib akasema. "Sasa tuhamishie kitufe cha vitunguu. Kiko kulia, kilete kushoto."

"Sasa hivi?"

"Ni dakika mbili tu."

"Inategemea."

"Kitufe kiko kulia," Labib akasema polepole, "tunakitaka kushoto. Kinategemea nini?"

Wagdi akavua miwani, akaipangusa. Mama Hikmat naye alikuwa ameshafunua kikombe.

"Naona mwanamke," akasema. "Yuko nyuma ya kijana huyu. Ameshika kitu bapa."

"Labda sinia, mama," Wagdi akasema kwa sauti ndogo.

"Si sinia. Na amechukia."

Wagdi akageuka. Shahinaz alikuwa amesimama mlangoni, kompyuta kwapani.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Mimi ndiye Mwombaji Namba Nne."

"Shahi?"

"Bashmuhandisi," Shahinaz akamjibu, na neno lile halijawahi kusemwa vibaya namna hiyo mjini Kairo. Kisha akawageukia wengine. "Huyu bwana alinipa kazi yenu akisema ni yake. Jina lenu alilifuta juu ya karatasi, ila namba yenu ya simu chini aliiacha. Nikapiga kuomba usaili, Bi Inshirah akaniambia njoo leo. Na yeye nilimjua mapema. Mji mzima huu nani mwingine ukimuuliza chochote anakujibu inategemea?"

Akakaa, akafungua kompyuta, na kitufe cha vitunguu kikahama kulia kwenda kushoto kabla Labib hajavuta kiti.

Sasa msikilizeni Wagdi, maana mjanja haanguki kimyakimya. Alisimama akapiga makofi. "Hongereni," akasema. "Mnaona? Watu wanne niliwachuja, bila kuona sura, bila upendeleo, nikawaletea bora kuliko wote. Kumtafuta mtu kama huyu nayo ni kazi ya mhandisi mwandamizi."

Bi Inshirah alianza kutikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mwema.

"Kaa chini, Wagdi," Shahinaz akasema. "Hata hawa sijamaliza nao."

Akagusa kitu kwenye kompyuta. Bakuli la kushari likatoweka kwenye simu zote mezani, yakabaki maandishi: Kushari imekwisha. Itapatikana baada ya mkataba.

"Lakini binti," Bi Inshirah akasema, tabasamu limemganda, "bado kuna hatua mbili za usaili."

"Mwezi huu mmewapa wangapi kazi ya nyumbani?"

Labib akatazama dari.

"Niliwatafuta," Shahinaz akaendelea. "Mmoja alitengeneza ramani ya madereva. Mwingine sehemu ya kulipia. Mwingine risiti. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa, na mteja wenu, mwenye migahawa ya kushari, anakuja leo alasiri kuchukua programu yake. Si ndiyo?"

Ilikuwa ndiyo. Zumurruda haikuwa na mhandisi yeyote isipokuwa Labib, na ndiyo sababu ya macho yake kuwa mekundu. Kampuni nzima iliendeshwa na watu waliokuwa wakiomba kuingia.

"Mpeni binti muhuri wake," Mama Hikmat akasema, akijimiminia kahawa. "Kikombe kimeshasema."

Muhuri ukaletwa mbio, na Shahinaz akausoma mkataba wote kabla ya kusaini.

Alhamisi Wagdi alikwenda Shubra. Hakwenda kwa ujanja, alikuwa hana hata tone, alikwenda kwa sababu miguu ilikataa kwenda kwingine. Alibeba boksi la keki za basbusa. Ukutani sebuleni, ndani ya fremu, palikuwa na mkataba wenye muhuri.

"Mkataba umeingia nyumbani," Mzee Mutawalli akasema. "Mfamasia alikuja, akausoma mshahara wa binti yangu, akataka tusome Fatiha palepale mlangoni. Sikuipenda ile haraka, nikamrudisha. Wewe sina la kukuambia. Mwenyewe yuko hapo."

Shahinaz aliinuka, akaja kusimama mbele yake. Wagdi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilikuibia," akasema. "Na nilikuwa nikikuambia uache kutafuta. Nisamehe, Shahi."

"Unajua kufanya nini, Wagdi? Kwa mikono yako, siyo kwa mdomo."

"Nabadilisha vioo vya simu."

Shahinaz akampa simu yake. Kioo kilikuwa kimepasuka kona hadi kona. "Basi hiyo ndiyo kazi yako ya nyumbani. Uirudishe Alhamisi ijayo, inafanya kazi. Uifanye mwenyewe, nitajua."

Wagdi aliteremka ngazi kwa furaha mpaka ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza furaha ikamwishia. Maana pale kibandani, tangu siku ya kwanza, yeye alikuwa akipokea simu kaunta, akiongea, akicheka na wateja. Simu zenyewe alizipitisha nyuma ya pazia, kwa mwenzake Guda.

Alifika Barabara ya Abdelaziz, akafunua pazia, akasimama. Guda alikuwa ameinamia simu, bisibisi ndogo mkononi, hakuinua kichwa.

"Guda, ndugu yangu," Wagdi akasema, "nifundishe kazi."

Guda akaipuliza vumbi ile simu. "Una uzoefu wa miaka mingapi?"

Maneno matano sita mazuri yalimjia Wagdi palepale, yamevaa na yamepambwa. Akayameza.

"Sina."

Guda akamsogezea kigoda kwa mguu.