Nani Anaufungua Ukurasa wa Romani?

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku mbaya. Asubuhi Mama Sauda, meneja wetu hapa ushirika, alisimama mbele ya wafanyakazi wote akausifu ukurasa wa bei za ufuta. Akausifu tena. Eti mkulima wa Njinjo sasa anaiona bei ya mnada kwenye simu akiwa shambani kwake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, ila viganja havikugusana.

Aliyeutengeneza ni Romani. Romani! Kaja Kilwa Masoko mwaka jana tu kutoka Mtama, na begi moja. Mimi ndiye niliyevuta waya wa kwanza wa intaneti katika jengo hili. Nani alinipigia makofi?

Kisha likaja la kuniua. Wiki ijayo Mama Sauda atamteua mmoja wetu kuwa Mkuu wa Mifumo, naye atahamia chumba cha pembeni, chenye kiyoyozi. Atakayekosa atabaki huku karibu na ghala, ambako vumbi la ufuta linaingia hadi kwenye kibodi. Herufi A yangu siku hizi naibonyeza kwa ngumi.

Chumba kile ni changu. Nimeshapima dirisha kwa ajili ya pazia.

Jioni nimeufungua ukurasa wa Romani kutafuta kasoro. Sikuona. Nimeufungua tena.

Jumanne, 17 Juni

Wazo! Limenijia nikinywa supu.

Programu ya Romani imeandikwa kwa lugha ya Java, na seva yake imo humohumo ndani ya programu, kama nyama ndani ya sambusa. Ukitaka ikuandikie kila ombi linaloingia, yaani nani kafungua ukurasa gani, saa ngapi, na kasubiri muda gani, unaongeza mistari michache kwenye faili la mipangilio. Hiyo ndiyo logi. Romani hajaiwasha. Uzembe!

Logi itaonyesha kwamba ukurasa wake ni mzito na kwamba wakulima wala hawaujali. Basi nikaenda kwa Mama Sauda. Romani sikumtaja. Nilisema uwazi, nikasema uwajibikaji. Akafurahi, akanikabidhi kazi yote niifanye mwenyewe.

Romani naye akasema ni wazo zuri sana, angelifikiria mapema. Kaniudhi. Mtu akiipokea hila yako kwa moyo mweupe anaiharibia ladha.

Jumatano, 18 Juni

Logi inaandika. Tatizo ni kwamba ofisi nzima tunaonekana kwa namba moja, kwa sababu sote tunapitia ruta moja. Sasa nitamkamataje Romani? Maana nina hakika anaufungua ukurasa wake mwenyewe kutwa nzima ili uonekane una watu. Mimi ningefanya hivyo.

Dawa nimeipata. Kila anayeingia kwenye mfumo anaingia kwa jina lake. Nimeiamuru logi iandike na jina, mstari kwa mstari. Mwizi wa sifa atajulikana.

Romani alipita nyuma yangu akauliza kama nimeweka kikomo, ili logi ikinenepa sana ile ya zamani ifutwe. Nikamjibu kwamba logi si nywele. Akacheka, akaenda zake. Justa wa uhasibu naye akacheka, ila akimtazama yeye. Wakati wa chai akamshikia kiti. Nilipolalamika kwamba Romani anajua kujitangaza, Justa akasema kizuri chajiuza. Sikumngoja amalizie.

Nimeumia. Kweli nimeumia. Lakini wivu sina.

Ijumaa, 20 Juni

Ukurasa hauchoki! Nimeufungua kwa simu, nimeufungua kwa kompyuta, nimeufungua wakati wenzangu wako msikitini. Unafunguka tu. Mwepesi, msafi, na kijani tulivu pembeni. Namchukia mtu anayejua kuchagua kijani kama kile.

Akina mama wa Nangurukuru wamemletea Romani mihogo na karanga mbichi. Mimi nimeletewa printa iliyotafuna karatasi.

Basi nimeandika kaprogramu kadogo. Kanaingia kwa jina langu, Leonadi, na paswedi yangu, kanaufungua ukurasa wa Romani, kanaufungua tena na tena bila kupumzika. Nimekaacha kanachapa kazi. Kesho ni mnada. Acha ukurasa uanguke mbele ya wanunuzi, wakulima na mwenyekiti, tuone chumba atapewa nani.

Jumamosi, 21 Juni

Aibu. Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi uwanja wa ghala ulijaa. Magunia yamepangwa, zabuni za wanunuzi zimeshafunguliwa, wakulima wanangoja bei zitokee ili waseme wanakubali au wanakataa. Ukurasa ukasimama! Moyo wangu uliruka kwa furaha. Bibi mmoja wa Njinjo akauliza ufuta wake sasa unakwenda kwa bei gani, kwani amekuja na gari la watu na gari linamngoja. Hapo furaha ilipungua. Kidogo.

Romani alikimbilia kompyuta. Akasema diski imejaa pomoni, programu haina pa kuandika, na kilichoijaza ni logi.

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Nikasema logi isomwe hadharani, wakulima wajue ni nani anayewachezea. Romani akanivuta mkono, akaniomba kwa sauti ya chini tuisome ofisini, sisi wawili. Nikautoa mkono wake. Anaogopa! Nikamwomba Mzee Shamte, mwenyekiti wetu, aisome mwenyewe, maana hapendelei mtu.

Mzee Shamte akavaa miwani. Mstari wa kwanza, Leonadi. Wa pili, Leonadi. Wa tatu, Leonadi. Akasoma polepole, kama mwalimu anayeita majina kwenye darasa la mtoto mmoja. Nikasema imetosha. Akasema mwanangu, wewe ndiye uliyetaka isomwe, akaendelea. Justa alikaa chini juu ya gunia, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Jina la Romani lilitokea mara moja. Alikuwa amerekebisha tahajia.

Mwisho mzee akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa ukurasa huu umenikosea nini. Bibi wa Njinjo akanijibia: mchimba kisima huingia mwenyewe. Uwanja mzima ukaitikia.

Romani akalifuta faili, akaweka kikomo, akawasha programu upya. Bei zikatokea. Wakulima wakazikubali kwa vigelegele, na bibi akaliwahi gari lake.

Halafu, mbele ya Mama Sauda, Romani akasema huenda nilikuwa napima uimara wa mfumo kabla ya mnada. Kanitetea! Mtu wa kumtetea adui yake ni mtu wa kuogopwa.

Jumatatu, 23 Juni

Romani ndiye Mkuu wa Mifumo. Makofi tena. Mimi nimekatazwa kuigusa seva mpaka Mama Sauda atakaposahau, na Mama Sauda hasahau.

Nikarudi kwenye vumbi langu. Sijakaa sawasawa, Romani huyo, na vijana wawili wa ghala. Wakaibeba meza yangu. Kumbe amemwomba meneja nihamie naye kwenye chumba cha kiyoyozi, eti kikohozi changu cha vumbi la ghala kinamtia wasiwasi. Nilitaka kukataa. Meza ilikuwa imeshafika.

Chumba ni kizuri. Baridi safi, hakuna vumbi, herufi A inabonyezeka kwa kidole. Nilishukuru kwa sauti. Niliketi nikafumba macho, na kwa muda mfupi nilimpenda kila mtu.

Kisha nikafumbua macho, nikachunguza. Kiyoyozi kimetundikwa upande wake! Upepo unamfikia yeye kwanza, mimi napata mabaki. Na rimoti iko mezani kwake, karibu na karanga.

Simtuhumu mtu. Nataka ushahidi tu. Kesho naja na kipimajoto, na kuanzia asubuhi kila badiliko la baridi humu ndani litaandikwa: saa, nyuzi, na jina la aliyeshika rimoti.