Kibakuli Kimoja, Midomo Sita

Jumatatu, 8 Juni 2020
Kazi ya kwanza maishani mwangu! Kufua mashuka ya wodi ya homa, hospitalini hapa mjini Khujand. Kwa kuwa nimemaliza shule juzi tu na masomo bado yako kichwani, msimamizi wetu, Bwana Hikmatullo, amenikabidhi usalama wa wafuaji wote. Daktari mkaguzi anakuja Alhamisi. Akikuta uzembe, kazi sina. Nitarudi nyumbani kulea mapacha wa shangazi. Mungu apishe mbali!

Glavu tunavaa. Barakoa tunavaa. Saa nne tukavua vyote, tukaketi bega kwa bega. Chai ikamiminwa kwenye kibakuli kimoja, kikazunguka midomo sita. Nilitaka kusema kitu. Nikasema asante.

Jumanne, 9 Juni
Nimebandika tangazo: kila mtu na kibakuli chake. Bibi Sanavbar, mkubwa wetu kwa umri, akausifu mwandiko wangu. Kisha akalibandua, akaweka birika juu yake.

Nikakificha kibakuli kwenye pipa la sabuni. Wakanywea kifuniko cha birika! Wote! Dada Mavluda, mfuaji mwenzetu, akaniuliza mbona nakodoa macho, au nimependa mtu?

Jumatano, 10 Juni
Mbinu mpya. Kibakuli wamekiopoa kwenye sabuni; kiliponifikia, nikakohoa ndani yake. Kikohozi cha kubuni, lakini nilikipamba vilivyo. Bibi Sanavbar akasema, “Kunywa tu, mwanangu. Hicho sasa ni chako.” Dada Mavluda akadakia, “Na benchi pia.”

Alhamisi, 11 Juni
USHINDI! Kila mmoja amekuja na kibakuli chake kutoka kwake. Wameketi hatua mbili mbili. Mimi, hatua kumi. Daktari akasema mkoa mzima hajaona wafuaji makini hivi. Akauliza siri ni nini. Bibi Sanavbar akaninyooshea kidole kwa fahari: “Ni huyu mtoto. Anakohoa sana.”

Daktari akaacha kuandika. Nilitaka kueleza. Nikainamisha kichwa. Bwana Hikmatullo ameapa, tena mbele ya watu, kwamba kazi ni yangu nikitoka.

Ijumaa, 12 Juni
Karantini, siku kumi na nne. Lakini kazi ninayo! Mapacha watafute mlezi mwingine!

Chumbani tuko watano. Wanawake wakarimu mno. Asubuhi chai imeletwa, na mwenzetu mmoja akatoa kibakuli mkobani, akajaza, akanywa, akampa jirani yake.

Maskini, hawajui wamempata nani. Nimesafisha koo.